Neno la Shukrani kwa Diwani

Hotuba nilizipenda kama wenzangu walivyopenda mpira. Redio ikirusha mkutano, ufagio nauacha katikati ya nyumba nisikilize. Niliambiwa ukoloni uling'olewa na watu waliojua kusema, nikaamini maneno hayana ubaya. Diwani wetu akanifunza.

Miaka ya themanini, Kayole, mtaa wetu wa Nairobi, ikiwa bado changa, zilivuma habari kwamba vibanda vya barabarani vitabomolewa. Mama aliuza mboga za sukuma na nyanya pale, na sisi tulikula kutoka pale. Wauzaji wenzake wakamtuma amuulize diwani wakibomolewa wataenda wapi.

Jumapili baada ya kanisa diwani akaja uwanjani. Akina mama wakamwimbia, wakamvisha leso mpya. Akaanza taratibu.

"Wakati wa vita vya uhuru, nani alipeleka chakula msituni?"

"Ni mama!"

"Leo nani analisha Nairobi?"

"Ni mama!"

"Basi atakayemgusa mama..." Akanyamaza. Alijua kunyamaza, mtu yule! "...amenigusa mimi!"

Vigelegele. Muuza samaki wa omena kando yangu alikuwa akifuta machozi. "Wee! Huyu akihubiri, hata shetani ataokoka."

Chifu akachukua kipaza sauti. "Wakati wa maswali hakuna. Mama mmoja atoe neno la shukrani." Akamwonyeshea kidole mama yangu.

Kwetu neno la shukrani halibebi swali. Ukiuliza, umemtusi mgeni. Mama akasimama. "Mheshimiwa, tumesikia. Mungu akubariki." Akaketi.

Jumatatu asubuhi askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, wakaja na tingatinga. Nyanya zilipondwa mbele ya macho yetu. Tukakimbia kwa chifu.

"Lakini mama," akasema, hata kiti hakutupa, "si ulishukuru mbele ya watu wote? Tulijua mmekubali."

Hasira hiyo ninayo mpaka leo. Tulimwimbia diwani, tukamvisha leso, naye akaifanya adabu ya mama yangu sahihi ya kubomoa kibanda chake!

Jioni wauzaji wakajaa mlangoni kwetu. "Tulikutuma uulize, wewe ukabariki!"

"Na nyinyi vigelegele vilikuwa vya nini?" nikawafokea.

Mama akanivuta mkono. "Wacha, mwanangu. Kabla ya jana, ni lini mkubwa aliwahi kutusifu?"

Yeye aliwasamehe, kesho yake akatoka na beseni kichwani kuuza mlango kwa mlango. Mimi wale niliwasamehe baadaye. Diwani, hapana.