Mlio wa Jineri Mnadani Mwandoya

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Bariadi, Afisa Utamaduni alinikabidhi kamera ya VHS akaniambia, "Binti, kazi yako ni sura za wakubwa. Mkubwa akihutubia, kamera imtazame." Nikaitikia kwa adabu. Moyoni nilijua mimi na huyu mzee hatutapatana.

Mimi nilipenda kuachanisha picha na sauti. Mashine ya video ilikuwa na kitufe cha kudabu, yaani kufuta sauti ya kwanza na kupachika nyingine juu ya picha ileile. Nikapachika nyimbo za palizi juu ya hotuba ya mgeni rasmi. Bosi alininunia wiki nzima.

Tukahamishiwa Mwanhuzi, mimi na yeye. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, ushirika unayumba, na jineri, kiwanda cha kuchambua pamba karibu na Mwandoya, ikafungwa. Kwa bahati nilikuwa nimeshaurekodi mlio wake msimu uliotangulia. Nikarudi kupiga picha za mashine zilizolala, kutu na utando wa buibui, kisha nikaupachika ule mlio.

"Sasa hii ni nini?" bosi akauliza. "Mashine imekufa, inanguruma?"

"Ni filamu, mzee."

"Haya. Mnadani Mwandoya kuna banda la video za ngumi. Tufanye kama mashindano ya ngoma za kwetu: wewe na mwenye banda mcheze kwa wakati mmoja, watu wachague pa kusimama. Wakikukimbia, kamera inarudi stoo, na wewe masjala."

Siku ya mnada nikafunga turubai, nikaweka televisheni ndani na spika nje, nikawasha jenereta. Banda la ngumi lilikuwa limefurika. Kwangu alikuwamo bosi peke yake, amekunja mikono.

Mlio ukatoka. Watu wakaanza kuja wakiulizana kama jineri imefunguliwa. Mwisho akaja hata mwenye banda la ngumi.

Mzee mmoja aliyewahi kuendesha mashine zile alikaa mbele. Alipoiona ile kutu, machozi yakamtoka.

"Mayu," akaniambia, yaani mama kwa Kisukuma, "zima picha. Acha mlio."

Nikapunguza mwanga wa televisheni mpaka kioo kikawa cheusi. Hakuna aliyetoka.

Njiani kurudi bosi alisema hivi tu: "Kamera baki nayo."

Nimebaki nayo hadi kustaafu. Vijana wenye simu za kisasa huniuliza filamu yangu bora ni ipi. Nimetengeneza nyingi, na ninajivunia zote, sioni haya kusema. Lakini bora ni ile waliyoitazama watu wa Mwandoya kioo kikiwa cheusi.