Mwandiko wa Sesilia

"Mama Doto, hivi mtu akikimbia peke yake, amemshinda nani?"

Zuhra, jirani yake muuza vitumbua, alimwuliza hivyo Sesilia siku ile mbele ya ofisi ya kijiji. Sesilia alikuwa anasoma tangazo mara ya tatu.

Kitongojini kwetu, si mbali na Kharumwa, Sesilia anaponda mawe ya dhahabu asubuhi, na mchana anawajazia watu fomu: za ubatizo, za shule, za hospitali. Darasa la saba tu kama sisi, ila Mungu alimjalia mwandiko. Kwenye jumuiya yetu ya kanisa amekuwa katibu miaka kumi na miwili.

Uchaguzi wa kitongoji ulipofika, watu wenyewe walimwomba agombee uenyekiti. Sasa tangazo linasema hakuteuliwa, fomu haikujazwa vizuri. Mgombea mwenzake, Evance, amepita bila kupingwa. Alipouliza kosa ni lipi, aliambiwa siku za kulalamika zimekwisha. Zilikwisha jana, na tangazo limebandikwa leo.

Jioni Evance akaja nyumbani kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwenyekiti."

"Usinitanie, mama. Si wewe uliyenijazia fomu yangu?"

Ni kweli. Alizijaza zote mbili siku moja, juu ya meza moja, kwa kalamu moja. Evance hakunywa hata uji aliokaribishwa.

Tangu hapo Sesilia akaacha kalamu. Jirani yetu Clemens alipoleta fomu ya mtoto wake ya kwenda sekondari, alimrudishia.

"Nitamharibia mtoto, baba. Mkono wangu una kosa nisilolijua."

"Kosa gani? Mbona fomu ya Evance imepita?"

"Hilo ndilo nisilolielewa."

Ikaja Jumamosi ya kuchagua viongozi wa jumuiya. Desturi yetu ni kujipanga nyuma ya unayemtaka. Sesilia akasimama upande mmoja, mgombea mwenzake Athanas upande wa pili. Hakuna aliyeinuka. Tuliketi kwenye mikeka tukitazamana, mpaka bibi mmoja akasema, "Tuambieni aliyepita, tupige makofi twende zetu." Wengine walicheka. Sesilia hakucheka. Tulisali Salamu Maria, tukatawanyika bila kiongozi, na hadi leo hatuna.

Nami nimeomba sana, sijui niombee nini hasa. Kama alikosea, sawa, binadamu hukosea. Kama hakukosea, basi mimi sijui.

Jumatatu alivaa kitenge chake cha kanisani akarudi ofisini, nikamsindikiza. Mtendaji akamkaribisha kiti, akamwambia, mama, uchaguzi umekwisha, cheo hakipo tena.

Sesilia akasema, "Sikufuata cheo. Naomba unitolee ile fomu yangu, uweke kidole pale nilipokosea, nipaone, ili nijue kama niendelee kuwaandikia watu au niache."