Pale Maji Yanapokupwa

Mama yangu alizaliwa Kilwa, akaolewa Mbeya, na muda wote alioishi na baba hakuacha kuisema baridi ya mji ule. Baba alipofariki, alimaliza eda, akaanza kufunga mizigo. Cha kwanza kufungwa kilikuwa mbuzi yake ya kukunia nazi, aliyotoka nayo kwao siku ya harusi. Ilipo mbuzi ile ndipo kwake.

"Narudi pwani," akasema.

Pwani ipi? Kilwa alibakiwa na mpwa mmoja tu, naye hata simu hapokei. Mimi nafundisha Matema, kwenye ncha ya Ziwa Nyasa, na nilitaka tuishi wote. Kwa kiherehere changu nikamwambia kwamba hata kwangu ni pwani. Akakubali kuja kuangalia, ila mbuzi akaiacha kwa dada yangu, Mbeya, makusudi.

"Nikikuta umenidanganya, usinizuie tena."

Barabara ya kutoka Mbeya kuja Matema hupanda kwanza ndipo iteremke. Huko juu ukungu ulikuwa umelalia mashamba ya viazi, na Mama amejitanda khanga mbili juu ya sweta. Ikaja Tukuyu na migomba yake na chai, kijani hadi macho yanachoka. Kisha tukaanza kushuka, masikio yakaziba, sweta likavuliwa. Tulipofika Kyela, kwenye mpunga na kakao, Mama alikuwa anajipepea huku anatabasamu peke yake. Joto lilikuwa la kwao. Nikajua nimeshinda.

Tuliingia Matema jioni. Nimeizoea milima ya Ukinga, lakini kila jioni bado inanitisha. Haina vilima vya kuitangulia. Inatoka majini ikiwa imesimama wima, na jua la kuzama likiipiga inakuwa nyekundu toka chini hadi juu. Mama aliitazama. Halafu akaenda ukingoni, akachota maji kwa kiganja, akaonja.

"Hayana chumvi."

"Hayana, Mama, lakini mchanga si huu, na mawimbi..."

"Yanakupwa saa ngapi?"

Nikageuka kuyatazama maji.

"Mwanangu, pwani ni pale maji yanapokupwa. Ndiyo maana ikaitwa pwani. Hili lako ni bwawa."

Bwawa! Nilikasirika nikalala bila kula.

Asubuhi, baada ya kuswali, alitandika mkeka ufukweni na kuweka kandambili zake pale maji yanapoishia, apime. Jirani yangu, mama wa Kikisi mfinyanzi, alikuwa karibu akisugua chungu. Akaniuliza mgeni anangoja nini.

"Anangoja maji yarudi nyuma."

"Yaende wapi sasa, Mwalimu?"

Nilimpelekea Mama chai, nikakaa pembeni yake nikiwa nimekata tamaa. Mbeya jua lilikwishatoka zamani, lakini kwetu mlima hulizuia, na kivuli chake kilikuwa kimefunika ufukwe wote na ziwa hadi mbali. Kisha upande wa magharibi mwanga ukagusa maji. Ukaanza kuja. Kivuli kikawa kinarudi nyuma mbele yake, taratibu, kikaiacha mitumbwi, kikauacha mchanga, kikaziacha kandambili, kikapita juu ya miguu ya Mama kikielekea kwao mlimani. Pale kilipotoka, maji yalifunguka, mawe ya chini yakaonekana moja moja na samaki wadogo wakipita katikati yake. Nilikuwa nimeliona jambo lile kila siku, na sikuwa nimeliona.

Mama alikuwa amesimama, chai imemwagika kwenye mkeka.

"Kinakupwa," akasema. "Allahu akbar. Mlima unakupwa."

Akakitazama kivuli hadi kikaishia kwenye miamba. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Kisha akaenda kuchukua kandambili zake, akazikung'uta mchanga.

"Mpigie dada yako," akasema. "Mwambie alete mbuzi yangu."

Jirani akainua uso kutoka kwenye chungu.

"Mbuzi si wako wengi tu hapa, mama! Ya nini kumtoa Mbeya?"

Mama akacheka, kwa mara ya kwanza tangu tumzike baba, na mimi nikawa natafuta simu huku sioni vizuri kwa machozi.