Trekta la Mchicha

Mume wangu alinunua trekta dogo ili alime mchicha nyuma ya nyumba yetu ya Temple Hills, huku ughaibuni, nami nikamnunia wiki nzima. Trekta kwa matuta manne ya mchicha.

Asubuhi ya safari ya mama mkwe tuliamka theluji imefika magotini, na njia ya kutolea gari haionekani. Mama alikuja kwa mwezi mmoja, akakaa mitano. Kila alipotaja kurudi Tanga nilimwambia, "Mbona mapema, mama? Kaa kidogo." Ndivyo nilivyolelewa, mgeni haharakishwi. Naye akawa anasogeza tarehe ya tiketi.

Mume wangu alikuwa bado anatafuta glavu nilipoliwasha trekta mwenyewe. Nilishusha koleo lake la mbele, nikasukuma theluji, nikarudi nyuma, nikasukuma tena. Kwa nusu saa lami ikaonekana mpaka barabarani. Kugeuka, mama mkwe amesimama mlangoni na koti lake, ananitazama. Niliona aibu. Hakuna anayefanya kazi kwa kasi ile kwa ajili ya mgeni anayemtaka abaki.

"Pole na kazi, mwanangu."

"Nimeshapoa, mama."

Aliingia kwenye gari, akafunga mkanda kabla hata mabegi hayajapakiwa, kisha akashusha pumzi ndefu.

"Tangu ule mwezi mmoja uishe nataka kwenda kwangu," alisema. "Nilikuwa naogopa utaudhika."