Mlango Uliorukwa na Tepu

Kaka yangu mkubwa alipotangaza kwamba milango na madirisha yote ya nyumba ya Mama yatabadilishwa, ni mimi niliyeuliza kwa nini. Yeye anaishi Nairobi. Hapa Nyeri huja na maagizo. Mimi nilirudi kwa Mama ndoa yangu ilipovunjika, na tangu hapo nalala katika chumba nilichokulia, kile kinachopakana na sebule.

"Ati kwa nini?" akasema. "Si ni ya zamani!"

Ya zamani! Hata Mama ni wa zamani, mbona hatumbadilishi? Nilichukua kisu cha jikoni nikazunguka nyumba. Madirisha ya upande wa mvua yalikuwa yameoza. Kisu kilizama kama kwenye parachichi lililoiva. Hayo nilikubali yaende, tena haraka, maana baridi ya Julai ilikuwa inatumaliza. Lakini milango ya ndani ni ya mtarakwa, mti ambao hata mchwa wanauogopa, na haijawahi kunyeshewa. Kisu kiligoma. Shida yake ilikuwa rangi iliyopakwa juu ya rangi mpaka milango ikawa haifungi, na bawaba zilizolegea. Hiyo ni kazi ya msasa na skrubu. Sasa mtu mzima anatupaje mlango mzima kwa sababu ya rangi?

Kaka hakunisikiliza. Jumamosi akaja na fundi kutoka mtaa wa Majengo. Fundi akapima mlango wa Mama, akapima wa jikoni, akapima wa chumba cha wageni, anamolala kaka akija. Alipofika kwangu akakunja tepu, akapita.

"Umesahau huu," nikamwambia.

Fundi akamtazama kaka. Kaka akatazama dari.

"Hapo niliambiwa tutoe mlango tubomoe na ukuta," fundi akasema kwa sauti ya chini. "Ndio sebule ikuwe kubwa."

Haiya! Kumbe ndiyo maana. Chumba cha wageni kinapata mlango mpya, changu kinapata nyundo. Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto. Angeniambia usoni kwamba binti aliyerudi nyumbani hana nafasi, ningemjibu papo hapo. Lakini kunifukuza kwa tepu!

Nilichukua bisibisi, nikafungua bawaba, nikautoa mlango wangu hadi uani. Nikaulaza juu ya viti viwili nikaanza kukwangua. Rangi ya kijani ikatoka, ya maziwa ikatoka, na chini yake mbao nyekundu ikaanza kunukia.

"Unafanya nini?" kaka akauliza.

"Natengeneza mlango wangu. Kama unataka sebule kubwa, jenga kwako."

"Wacha kuwa kichwa ngumu. Wewe bado unaweza kuolewa, uende kwako. Hii chumba unaitakia nini?"

Mama alikuwa ameketi kwenye ngazi ya jikoni na kikombe chake cha chai. Alikuwa amesikia yote. Nilimwogopa yeye kuliko kaka, kwa sababu nyumba ni yake, na wako akina mama wengi huku kwetu ambao mambo ya boma yakizuka husimama na mtoto wa kiume. Angesema nihame, ningehama. Mkono wangu uliendelea kukwangua lakini macho yalikuwa kwake.

Akaweka kikombe chini. Akaja polepole, akachukua kipande cha msasa, akainama upande wa pili wa mlango.

"Aende kwake wapi?" akamuuliza kaka, bila kuinua kichwa. "Kwake ni hapa. Wewe ndio mgeni, na mlango wako si umepimwa?"

Fundi akageuka akajifanya anakohoa. Mimi nikazidi kukwangua, machozi yakidondokea mbao mbele ya watu wote, na sikuyafuta.