Siku ya Pili ya Wanja

Kila nilipompeleka mjukuu wangu zahanati, nilimpaka wanja na kumfukiza udi. Kwetu Pate, binti hatoki nyumbani kama gunia. Wauguzi walipomwona anavyong'aa, waliniambia, "Bibi, huyu ana uvivu tu." Uvivu! Msichana aliyekuwa akiongoza darasa zima! Kesho yake, kwa uchovu wa safari ile ya zahanati, hawezi hata kuinua kikombe cha uji.

Mwaka huu akaja daktari mwanamke kuwafundisha wauguzi ugonjwa huu wa uchovu usiokwisha. Akatuita mimi na mjukuu wangu darasani, mimi niliyeishia chuo cha Kurani tu. Nikawaambia wauguzi, "Nyinyi mwaona siku ya wanja. Njooni siku ya pili."

Asubuhi yake akaja muuguzi mmoja, yule mwenye mdomo kuliko wote. Akamkuta mjukuu wangu kalala, wanja wa jana umechirizika mashavuni, hana nguvu ya kunawa uso. Akaketi mkekani, akamwambia, "Nisamehe, mwanangu."

Mjukuu wangu akatabasamu. "Karibu uji, Bi muuguzi. Lakini utajipakulia mwenyewe."

Tangu siku hiyo zahanati ndiyo huja kwetu. Na wanja hupakwa siku ya Idi tu.