Kura ya Shangazi Netta Iliyobaki Nyumbani

Shangazi Netta Gourlay hakuwa mtu wa siasa. Alikuwa na duka la samaki na chipsi pale Cowdenbeath, karibu na stesheni, na mimi, binti wa kaka yake, ndiye niliyemmenyea viazi miaka nenda miaka rudi. Ila jambo moja lilimkaa rohoni: alitaka Scotland iwe na bunge lake. Alipokuwa msichana wa miaka ishirini alitia saini ile hati ya kulidai, yeye na watu karibu milioni mbili, na wakubwa wa London wakaikalia kimya. Shangazi hakusahau.

Akangoja miaka thelathini. Mwaka 1979 tukaitwa tupige kura, Ndiyo au Hapana. Mumewe, Anko Dod, mkata tiketi wa reli, alikuwa Hapana kuanzia kofia hadi soksi. "Bunge la nini?" alikuwa akisema. "Mnataka kuwalipa watu waende Edinburgh kupiga miayo?" Walibishana kila siku, na walipendana, nisiseme uongo.

Jumatano, kesho yake ndiyo kura, Dod alikuwa akikohoa mpaka vikombe vinatikisika. Tulikuwa mezani tukila nyama ya kusaga na viazi.

"Netta, mke wangu, hebu tumia akili," akasema. "Kesho wewe Ndiyo, mimi Hapana. Moja toa moja?"

"Sifuri."

"Sasa ya nini tukapigwe na baridi? Tubaki wote nyumbani. Hakuna aliyemwonea mwenzake."

"Na mimi nikienda?"

"Nami nakwenda. Hata kwa kutambaa."

Shangazi akakitazama kile kifua kikipanda na kushuka. "Haya," akasema. "Tunabaki."

Wakabaki kweli, wote wawili.

Ijumaa, redio ya dukani ikatangaza kwamba Ndiyo wamewazidi Hapana. Shangazi akapiga kelele, akanikumbatia na mikono yake ya unga. Birrell, muuza makaa, alikuwa kwenye foleni, na hakucheka.

"Msishangilie," akasema. "Tumeshinda na hatupati kitu."

"Birrell, umekunywa mapema hivi?"

"Natamani ningekuwa nimekunywa. Sheria ya London inataka waliosema Ndiyo wafike arobaini katika kila mia ya walioandikishwa. Si waliopiga kura, mama, walioandikishwa! Tumeishia thelathini na tatu. Aliyebaki kitandani ni kama kasema Hapana."

"Aliyebaki nyumbani?"

"Huyo huyo."

Nilipigwa na butwaa. Mtu kanyamaza, atahesabiwaje kuwa kasema? Mpaka leo nikiandika haya damu inanichemka. Shangazi aliwaacha samaki ndani ya mafuta, akatoka vilevile na aproni yake, nami nikazima moto nikamkimbilia.

Anko Dod alikuwa nyumbani, chai yake mkononi.

"Dod, ulijua?"

"Kujua nini?"

"Usinichezee! Kwamba nikibaki nyumbani nimekuwa Hapana. Ulijua?"

Akakiweka kikombe chini taratibu. "Magazeti yaliandika wiki nzima, Netta."

"Magazeti mimi nafungia samaki!"

"Basi hilo kosa langu?"

"Nilibaki kwa ajili ya kifua chako," Shangazi akasema. "Nilikuonea huruma. Nawe ukaichukua kura yangu ukaitia upande wako. Mimi, Dod! Mimi!"

"Sikuvunja ahadi. Nilisema nitabaki, nikabaki."

Alisema kweli, na ndiyo iliyomuumiza Shangazi kuliko uongo wowote. Akaketi kwenye ngazi akalia mbele yangu, mwanamke ambaye hata mafuta ya moto yakimrukia hutukana tu akaendelea na kazi.

Hakumwacha. Ila kuanzia siku hiyo, Dod hata akimwambia kabichi zimeshuka bei, Shangazi humuuliza kwanza: "Na kitu gani hujaniambia?"

Ikapita miaka kumi na minane ndipo tukaulizwa tena. Safari hii wingi ndio wingi, hakuna arobaini ya kututegea. Anko Dod alikuwa amekwisha miguu, yuko kwenye kiti cha magurudumu, haendi popote asiposukumwa. Asubuhi ya kura nikamkuta Shangazi anamfunga tai.

"Shangazi, unafanya nini?" nikamaka. "Si umwache hapo hapo! Hapana watapungukiwa na kura moja."

"Msikilize mtoto wa kaka yako," Dod akasema. "Ningekuwa wewe, ningeniacha."

"Najua ungeniacha."

Akamsukuma mwenyewe kupanda kile kilima cha shuleni, tulikopigia kura. Nikataka kumpokea, akanitoa mkono. Alikuwa na karibu miaka sabini, anahema, jasho linamtoka. Mlangoni Dod akageuza shingo. Sijawahi kumwona ameshangaa hivyo.

"Netta, kwa nini?"

"Kwa sababu nataka nikushinde ukiwepo," Shangazi akasema, akamwingiza ndani.